Sura ya 5: Kokwa Zilizohamishwa

Katika kambi ya Wabaka, wawindaji wa misitu ya kusini mashariki mwa Kameruni, kuna chungu kilichofunikwa. Ndani yake mna kokwa za maembe mwitu, chakula ambacho watoto wa huko hukipenda sana. Kijana aliyezipika anamwambia mtoto aliyeketi karibu naye kwamba anakwenda barazani kwa wanaume, avute sigara na kupiga soga kidogo, kisha arudi ale. Akishatoka, mtu mzima wa pili anamnong'oneza mtoto: hebu tuzitoe hizi kokwa, tuzifiche. Mtoto anachagua maficho mwenyewe, anazihamisha, anakifunika chungu kama kilivyokuwa. Hapo anaulizwa maswali matatu. Mwenye kokwa akirudi atazitafuta wapi, chunguni au pale ulipozificha? Kabla hajafunua chungu, moyo wake utakuwa na furaha au huzuni? Na akishafunua?

Walioandaa mchezo huo ni watafiti Jeremy Avis na Paul Harris, waliochapisha matokeo yao mwaka 1991. Watoto wa kama miaka 5 walijibu, kwa wingi wao, kama ambavyo mtu mzima angejibu: atatafuta chunguni, atakuwa na furaha mpaka afunue, kisha furaha itamwishia. Wadogo zaidi walikosea zaidi.

Maswali yenyewe yanaonekana mepesi. Lakini tazama kazi aliyopewa huyu mtoto. Kokwa ziliko anakujua; amezificha kwa mikono yake. Sasa anatakiwa aweke kando anachokijua, ashike kichwani habari ambayo si ya kweli, na atabiri mwendo wa mtu kwa kuifuata habari hiyo, kwa kuwa ndiyo aliyoondoka nayo mwenye chungu. Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mtoto wa miaka 3 bado hajafika hapo. Kwake, analolijua yeye linajulikana na kila mtu.

Kipimo hiki kilibuniwa Austria. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner, wa Chuo Kikuu cha Salzburg, waliwasimulia watoto hadithi ya Maxi, mvulana anayeweka chokoleti yake kwenye kabati na kwenda kucheza; mama yake anaihamishia kabati jingine, na Maxi anarudi na njaa yake. Atafungua kabati lipi? Kwa miaka kadhaa swali hilo liliulizwa zaidi katika madarasa ya awali ya Ulaya na Marekani, kwa watoto waliokulia kwenye vitabu vya picha na wanasesere. Avis na Harris walitaka kujua kama uwezo huo unaletwa na shule. Watoto wa Kibaka hawakuwa na shule, na bado walifika pale pale, katika umri unaokaribiana.

Basi ikiwa mtoto wa msituni na mtoto wa Salzburg wanaipanda ngazi ile ile, ubongo unaifanyia wapi kazi hiyo? Jibu moja muhimu lilipatikana mwaka 2003, katika chuo cha MIT nchini Marekani, kwa Rebecca Saxe na Nancy Kanwisher. Watu wazima walilala ndani ya mashine ya MRI, ambayo huonyesha sehemu za ubongo zinazopelekewa damu yenye oksijeni zaidi zinapofanya kazi, wakapewa hadithi fupi fupi wazisome. Baadhi zilimhusu mtu anayeamini jambo lililokwishabadilika. Nyingine zilihusu picha ya kamera: picha imepigwa, kisha vitu vikahamishwa, kwa hiyo picha inaonyesha hali ya zamani. Ugumu wa hadithi hizo unalingana, kwani zote zina habari iliyopitwa na wakati. Tofauti ni moja tu: habari hiyo imo kichwani mwa mtu, au imo kwenye karatasi.

Eneo moja dogo, juu kidogo na nyuma ya sikio la kulia, liliamka kwa nguvu hadithi zilipogusa fikra za mtu. Kwa hadithi za picha halikujishughulisha sana. Yapo maeneo mengine yanayoshirikiana nalo, likiwamo lile la katikati ya paji, ndani. Lakini hili la nyuma ya sikio ndilo lililowashangaza wataalamu kwa jinsi linavyochagua kazi. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na hula karibu asilimia 20 ya nishati yote ya mwili uliopumzika. Kiungo chenye gharama kubwa namna hiyo kimetenga sehemu yake kwa ajili ya kushughulikia yaliyomo vichwani mwa watu wengine.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri mahakamani. Sheria za Afrika Mashariki, kama za nchi nyingi, hutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Maiti ni ile ile na kaburi ni lile lile. Kinachoamua uzito wa adhabu ya mshtakiwa ni kitu ambacho hakuna shahidi aliyewahi kukiona kwa macho, yaani nia. Jaji, wakili na jirani aliyekuja kusikiliza kesi, wote wanalazimika kuijenga nia hiyo vichwani mwao kutokana na maneno na vitendo.

Liane Young na wenzake waliliingiza jambo hili maabara. Mojawapo ya hadithi walizotumia katika tafiti zao inamhusu Grace, anayetembelea kiwanda cha kemikali na rafiki yake. Rafiki anaomba sukari kwenye kahawa. Grace anachota unga mweupe kutoka kwenye chombo kilichoandikwa kuwa ni sumu, anautia kikombeni, anamkabidhi mwenziwe. Kumbe ni sukari. Rafiki anakunywa, wala hapatwi na lolote. Je, Grace ametenda kosa? Wengi hujibu bila kusita kwamba ametenda kosa kubwa. Katika jaribio walilochapisha mwaka 2010, watafiti walitumia mapigo ya sumaku juu ya kichwa kulivuruga kwa muda mfupi lile eneo la nyuma ya sikio la kulia. Watu hawakugeuka kuwa wasio na utu, na waliendelea kuona kosa. Hata hivyo walipunguza ukali kwa wale waliojaribu kudhuru wakashindwa, kana kwamba matokeo yamepata uzito na nia imepungukiwa nao.

Hukumu ya namna hiyo huonekana pia kwa watoto wadogo. Mswisi Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya watoto, aliwauliza nani mkosaji zaidi: mtoto aliyesukuma mlango bila kujua kuna vikombe nyuma yake akavunja 15, au yule aliyevunja kimoja akidokoa jamu kabatini. Wadogo walimtaja wa vikombe 15.

Mtu mzima naye hajasalimika. Kuweka kando unachokijua ni kazi nzito maisha yote, na ushahidi mzuri zaidi wa hilo ni mchezo ambao msomaji anaweza kuufanya leo. Chagua wimbo maarufu, tuseme Malaika, ugonge mapigo yake mezani kwa vidole bila kutoa sauti, kisha mtu aliye mbele yako aseme ni wimbo gani. Kichwani mwako unausikia wote, na gitaa lake. Yeye anasikia vidole tu. Mwaka 1990 Elizabeth Newton, mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliufanya mchezo huu kwa utaratibu wa kitafiti. Nyimbo 120 ziligongwa. Wagongaji walitabiri kwamba nusu zingetambuliwa. Zilitambuliwa 3.

Daktari anayemweleza mgonjwa ugonjwa wake, mwalimu wa hesabu aliyefundisha somo lile lile miaka 20, ofisa anayemwelekeza mwananchi fomu ya kujaza: wote wanagonga meza. Wengi wao si watu wa dharau. Ubongo wao unawapa wimbo mzima, nao wanadhani umetoka nje.

Na kazi hii ina ghorofa. Katika mitaa ya Mombasa, Tanga au Unguja, mwanamke anatoka asubuhi amejifunga kanga yenye jina linalouma. Hasemi neno. Anapita taratibu mbele ya nyumba ya mbaya wake, na maandishi yanasomeka vizuri kabisa mgongoni. Ili ujumbe ufike, mvaaji lazima ajue kwamba mwenziwe atasoma, na kwamba akisoma atajua amelengwa yeye. Aliyelengwa naye lazima ajue kwamba mvaaji anajua kwamba amemwelewa. Na wote wawili wanajua kwamba, mambo yakifika kwa mjumbe wa mtaa, mvaaji atasema amevaa nguo yake tu, kaipendea rangi. Usiku wa taarabu, anapoinuka mtu kwenda kutuza kwenye ubeti fulani hasa huku jicho likiwa upande fulani hasa, hesabu huongezeka ghorofa nyingine, kwa sababu ukumbi mzima unasoma. Mwaka 1985 Perner na Wimmer walionyesha kwamba ghorofa ya pili, ya kufikiria kile ambacho mtu mmoja anadhani kuhusu dhana ya mtu mwingine, huanza kuwezekana kwa watoto wa miaka 6 au 7. Hakuna maabara iliyobuni kipimo kigumu cha akili hii kinachofikia kanga.

Lakini kabla ya fikra kuna uso, na katika uso kuna macho. Mwanamke mmoja Mmarekani, anayejulikana katika maandishi ya kitabibu kwa herufi S.M. peke yake, aliharibikiwa na amigdala za pande zote mbili kwa ugonjwa wa kurithi ulio nadra mno. Amigdala ni mafundo mawili ya seli yaliyo ndani ya ubongo, kila upande moja, yanayohusika sana na hofu. Mwaka 1994 Ralph Adolphs na wenzake waliripoti kwamba S.M. aliweza kuwatambua watu kwa sura zao, lakini akionyeshwa uso uliojaa hofu alishindwa kusema mwenye uso huo ana nini.

Kwa miaka zaidi ya 10 ilidhaniwa kwamba sehemu inayoelewa hofu ndiyo iliyokufa. Kisha, mwaka 2005, watafiti wale wale wakafuatilia mahali macho yake yanapotua anapotazama picha, wakagundua jambo ambalo hawakulitarajia: hakuwa akitazama macho ya watu. Hofu husomeka zaidi machoni kuliko mdomoni. Wakamwambia tu, tazama macho. Akaitambua hofu kama mtu mwingine yeyote. Alipoachwa bila kukumbushwa, akarudia mtazamo wake wa awali. Kumbe akili ya kuelewa ilikuwapo. Kilichokosekana ni msukumo wa kuitafuta habari mahali ilipo.

Kuna watakaotaja hapa seli zilizogunduliwa kwa nyani wa maabara mjini Parma, Italia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambazo huamka nyani anaposhika kitu na pia anapomwona mwingine akikishika. Seli hizo zipo kweli, na ugunduzi wake ni mkubwa. Ila madai ya kwamba zenyewe ndizo chanzo cha huruma, lugha na ustaarabu yalikwenda mbali kuliko ushahidi. Kuona mkono ukinyanyua kikombe ni jambo moja, kujua kwa nini umenyanyuliwa ni jambo jingine.

Kipimo cha Maxi nacho kimewahi kutumiwa kwa namna iliyowaumiza watu. Mwaka 1985, London, Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith waliwapa watoto wenye usonji hadithi ya wanasesere wawili, Sally na Anne, na gololi iliyohamishwa. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 walishindwa, wakati wengi wa watoto wenye ulemavu wa Down walifaulu. Ulikuwa utafiti muhimu, kwa kuwa ulionyesha kwamba ugumu huo hautokani na upungufu wa akili kwa jumla. Ila mitaani na madarasani ukageuzwa kuwa hukumu: mwenye usonji hawezi kuwaelewa wenzake. Wale 4 waliofaulu wakasahauliwa, na pia watu wazima wengi wenye usonji ambao kipimo hiki hakiwasumbui.

Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba tatizo lina pande mbili. Asiye na usonji naye humsoma vibaya mwenye usonji, ila hakuna anayempeleka kliniki kwa hilo. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakapima: habari ilipopokezanwa mtu kwa mtu, mnyororo wa watu wenye usonji watupu uliifikisha vizuri sawa na mnyororo wa wasio na usonji. Iliharibika zaidi pale walipochanganywa. Mwalimu mwenye mtoto wa namna hii darasani anapaswa kujiuliza yeye mwenyewe amejifunza nini kumhusu.

Mizizi ya uwezo huu ni ya kale kuliko binadamu. Huko Amboseli, Kenya, Dorothy Cheney na Robert Seyfarth walificha spika vichakani, wakacheza sauti iliyorekodiwa ya mtoto wa tumbili anayepiga kelele. Mama yake aligeukia upande wa sauti, jambo la kawaida. Majike wengine walimgeukia mama. Walijua mtoto ni wa nani, na kwamba la kumhusu mtoto linamhusu mamaye. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1980. Mwaka 2016 Christopher Krupenye na wenzake waliwaonyesha sokwe, bonobo na orangutani filamu fupi ambamo mtu aliyevaa kama sokwe anamkwepa anayemtafuta. Mtafutaji akitoka, anayetafutwa anahama. Mtafutaji aliporudi, macho ya wengi wa watazamaji hao yalitangulia kutua pale ambapo mtafutaji alidhani adui yake yupo.

Ikiwa sokwe ana chembe ya uwezo huu, kinachomfikisha binadamu kwenye ghorofa za kanga ni nini? Ubongo mkubwa unahusika. Lakini ushahidi mzito zaidi unaelekea kwenye mazungumzo. Mwaka 2002 Ted Ruffman na wenzake walionyesha kwamba mama aliyezoea kuzungumza na mtoto kuhusu yaliyomo moyoni, kwa maneno kama alidhani, alitaka, alisahau, mtoto wake baadaye hufanya vizuri zaidi katika vipimo kama cha Maxi.

Ushahidi mwingine uko Nikaragua. Hadi miaka ya 1970 viziwi wa nchi hiyo waliishi kila mmoja kwao, bila lugha ya pamoja, wakiwasiliana na familia kwa ishara za nyumbani. Shule zilipofunguliwa Managua, watoto wakakutanishwa, nao wakabuni lugha mpya ya alama bila kufundishwa na mtu. Kizazi cha kwanza kiliianzisha ikiwa bado changa, waliofuata wakaikuza. Jennie Pyers na Ann Senghas wakawapa watu wa vizazi hivyo viwili hadithi ya picha inayofanana na ya Maxi, isiyohitaji maneno mengi. Wale wa kwanza walikuwa watu wazima, wenye kazi na maisha yao. Wengi walishindwa. Vijana wa kizazi cha pili walifaulu kwa urahisi.

Tofauti haikuwa ya ubongo waliozaliwa nao. Lugha ya wakubwa ilikuwa na alama chache za kusema mtu anadhani, anajua, hajui. Watafiti waliporudi baada ya miaka 2, wakubwa walikuwa wamejifunza alama hizo zaidi, na katika kipimo wakawa wamepiga hatua. Utafiti huo ulitoka mwaka 2009. Unaonyesha jambo la kutia moyo: hata utu uzimani mlango haujafungwa.

Ila kuchelewa kuna gharama. Australia, mwaka 1995, Candida Peterson na Michael Siegal waliona kwamba watoto viziwi wa miaka 8 hadi 13 waliozaliwa na wazazi wanaosikia walishindwa, wengi wao, kwenye kipimo ambacho wanaosikia hukipita wakiwa na miaka 5. Kisha Marekani, mwaka 2007, utafiti wa watoto viziwi 176 ulioongozwa na Brenda Schick ukatoa upande wa pili: waliozaliwa na wazazi viziwi, wakakuta lugha ya alama nyumbani tangu siku ya kwanza, walifanya sawa na watoto wanaosikia.

Watoto viziwi walio wengi huzaliwa katika nyumba ambazo hakuna anayejua lugha ya alama. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, na Tanzania kuna Chama cha Viziwi, CHAVITA. Mzazi aliyeambiwa kwamba mtoto wake hasikii asingoje shule ya bweni, wala asingoje mtoto afike miaka 7. Awatafute viziwi walio karibu naye, ajifunze alama mwaka huu huu, yeye na watoto wengine wa nyumbani, na azianze mapema alama za kujua, kudhani, kutaka na kusahau.